Usilipie cheti cha urabi kabla ya kujua nani atakipokea

Ndugu, umeuliza masomo ya urabi huchukua miaka mingapi, Kiebrania uanzie wapi na ada ni kiasi gani, kisha ukadokeza kwamba umepata taasisi ya mtandaoni inayotoa semikha, yaani idhini ya kuwa rabi (mwalimu wa dini ya Kiyahudi), kwa miezi michache na kwamba kesho unaitumia malipo ya awali. Usitume.

Mimi nililipa. Waliniambia bila haya kwamba semikha ni semikha na sinagogi lolote litaipokea, ilhali aliyetia sahihi cheti changu hakuwahi kunitahini hata kwa swali moja. Nilipokiwasilisha kwenye sinagogi lililokuwa likitafuta rabi, mzee wa kamati hakukisoma; aliniuliza, tone la maziwa likidondokea ndani ya sufuria ya nyama inayochemka, chakula hicho kinaliwa? Nilijua kwamba kuchanganya nyama na maziwa ni marufuku, lakini hakuna aliyenifundisha kupima iwapo vilivyomo sufuriani vinalizidi tone hilo mara 60, ndipo kiliwe. Hayo yamo katika Yoreh De'ah, sehemu ya Shulchan Aruch, kitabu cha sheria za Kiyahudi, ambayo kwayo Wayahudi Waorthodoksi humtahini anayeomba idhini ya kutoa hukumu. Watu wale walichukua akiba yangu wakijua fika kwamba wananiuzia karatasi, na hadi leo nawahesabu kuwa wezi.

Semikha ya asili ilikuwa mwalimu kumwekea mwanafunzi mikono; mnyororo huo wa kuwekeana mikono, unaohesabiwa tangu Musa na Yoshua, ulikatika karne nyingi zilizopita. Semikha ya leo ni ushuhuda wa mwalimu au chuo, na uzito wake ni uzito wa jina la anayeshuhudia. Hata Yaakov Berab, mwanazuoni mkubwa aliyejaribu kuufufua mnyororo huo huko Safed mwaka 1538 akiungwa mkono na wenzake wa mji ule, alikwama kwa sababu Levi ibn Habib wa Jerusalem alikataa kumtambua.

Kwa hiyo anza na jamii utakayoihudumia. Gershom Sizomu wa Abayudaya, jamii ya Wayahudi wa Uganda karibu na Mbale, alisomea Los Angeles katika chuo cha Wakonsavativu, tapo mojawapo la Kiyahudi, na kupata semikha mwaka 2008. Rabinati Kuu ya Israeli, mamlaka ya marabi wa nchi hiyo, haiitambui semikha ya tapo hilo, lakini jamii yake ilikuwa tayari na uhusiano nalo, hivyo alirudi nyumbani akiwa rabi wao. Waandikie viongozi wa sinagogi lako leo hii, uwatajie jina la atakayetia sahihi, na usubiri wakujibu kwa maandishi kabla hujatoa hata shilingi moja.