Kitabu cha msingi cha pili: kabla hamjachanga pesa

Kikundi cha vijana wa Katuba kiliniuliza juzi kama wachange pesa wanunue kitabu kingine cha msingi cha mchezo wao. Wanacheza Dungeons & Dragons, kitabu cha mchezaji wanacho, lakini kuna mtu amewaambia kwamba bila kile kilichotoka baadaye wanacheza nusu mchezo. Niliwajibu hapana. Na kwa kuwa karibu kila kikundi kipya hapa Lubumbashi huniletea swali hilohilo, acha niandike sababu zangu mara moja.

Kwa asiyeijua michezo hii ya uhusika: mmoja wenu ni mwongozaji, anasimulia ulimwengu wa hadithi na kuwasemea watu na mazimwi wote waliomo. Wengine kila mmoja ana mhusika wake. Pale ambapo jambo linaweza kufaulu au kushindikana, mnarusha dadu, na kitabu kinawaambia matokeo yasomwe vipi. Gary Gygax na Dave Arneson walipoutoa mchezo huu mwaka 1974, sheria zilienea katika vijitabu vitatu vidogo ndani ya boksi moja. Katika toleo la 2014, kitabu cha mchezaji peke yake kina kurasa 320. Bei yake Marekani ilikuwa dola 49.95, na hapo hujamlipa mtu wa kukubebea kutoka Johannesburg.

Pesa zinauma, sikatai. Ila kinachonisumbua zaidi ni kile kinachotokea mezani. Kitabu cha nyongeza mwongozaji anaweza kukikataa bila ugomvi: "hiki hatukitumii," basi, yameisha. Kikija na hadhi ya kitabu cha msingi, mchezaji anakishika kama mwenye hati ya kiwanja. Anaona ni haki yake, na mwongozaji ndiye anayelazimika kukijua.

Jioni moja pambano letu lilikuwa limefika patamu. Majambazi wawili wamebaki, mmoja ameshaanza kukata kamba za daraja tulilosimama juu yake. Zamu ikamfikia mwenzetu aliyechagua fani ya mhusika wake, yaani kazi inayoamua uwezo wake, kwenye kitabu ambacho alikuwa nacho yeye tu, PDF ndani ya simu, umeme umekatika tangu mchana na betri imeshakuwa nyekundu. Akaanza kutafuta. Kurasa ni za Kiingereza, sisi tunacheza kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kifaransa, kwa hiyo anasoma, anatafsiri, anapanda juu tena maana aya hii inamrudisha kwenye aya ile. Mwongozaji hakuwa na namna ya kumhakiki. Wengine wakageukia karanga. Fani yenyewe haikuwa na ubaya wowote, ila meza nzima ilikuwa inangojea sheria ambayo mtu mmoja tu ameisoma, tena nusunusu.

Wachapishaji nao wana hesabu zao. Kitabu cha mwongozaji kinanunuliwa na mtu mmoja kila meza, cha wachezaji kinaweza kununuliwa na wote, kwa hiyo usishangae kwamba vinavyoongezwa mara nyingi ni vya wachezaji. Toleo la nne la Dungeons & Dragons lilienda mbali zaidi. Kitabu cha mchezaji kilitoka 2008 bila manju wala druidi (kuhani wa maumbile), fani ambazo katika toleo la 2000 zilikuwemo tangu kitabu cha kwanza. Zikarudi 2009 katika Player's Handbook 2, yaani kitabu cha pili cha mchezaji. Aliyetaka kucheza mtawa alingoja cha tatu, mwaka 2010. Kwangu mimi hapo mnunuzi aliuziwa kipande kilichokatwa kwenye kitambaa chake mwenyewe.

Toleo la tano lilikwenda kinyume na hapo. Tangu 2014 hadi sheria zilipofanyiwa marekebisho 2024, halikuwahi kuwa na kitabu cha pili cha mchezaji. Vilitoka vya nyongeza, Xanathar's Guide to Everything mwaka 2017 na Tasha's Cauldron of Everything mwaka 2020, na aliyevikosa hakukosa mchezo. Wenye Pathfinder, mchezo mwingine wa uhusika, wao waligawa kitabu cha mchezaji: Player Core 2023, Player Core 2 mwaka 2024, na mtawa yumo katika hicho cha pili. Nilitaka kuwasema vibaya, lakini sheria zao ziko bure kwenye tovuti ya Archives of Nethys, kwa hiyo asiye na dola hafungiwi nje. Hilo linabadilisha mambo kabisa, ingawa shida ya kutafuta kwenye simu gizani inabaki palepale.

Kwa hiyo vijana wa Katuba niliwaelekeza kwanza kwenye kile ambacho hakiwagharimu zaidi ya karatasi. Tangu 2023 sheria za msingi za toleo la tano zinapatikana bure katika hati iitwayo SRD 5.1, chini ya leseni ya Creative Commons: unaruhusiwa kuichapa, kuinakili, hata kuitafsiri, mradi utaje chanzo. Ya Kifaransa ipo. Fani zote 12 za kitabu cha 2014 zimo, japo kila moja imepewa tawi moja tu, yaani njia moja ya kuiendeleza. Msichape hati nzima, ni mamia ya kurasa. Chapeni sura ya mapambano na kurasa za fani mlizochagua, muzitie waya kwenye duka la fotokopi, ziwekwe katikati ya meza. Umeme ukikatika mnasoma kwa tochi.

Mchezaji aking'ang'ania kitu cha nje, kuna kanuni iliyowahi kutumika katika Adventurers League, michezo iliyoratibiwa na wenye Dungeons & Dragons wenyewe: kila mhusika anajengwa kwa kitabu cha mchezaji na kingine kimoja tu. Inazuia mtu kuokota uwezo huku na huku mpaka mhusika wake awameze wenzake. Sisi tuliongeza letu: anayeleta kitu cha nje anakinakili kwa mkono, kwa lugha ya mezani, kwenye karatasi moja, na kumpa mwongozaji kabla ya siku ya mchezo. Wengi wakifika kwenye kunakili wanakumbuka kwamba hata mpiganaji wa kawaida anawatosha.

Kama pesa mmeshachanga na mikono inawasha, nunueni kitabu cha mazimwi. Hicho hakimwongezei mchezaji hata sheria moja ya kukariri. Mzigo wote ni wa mwongozaji, naye anausoma nyumbani kwa wakati wake. Kikae kwake, wachezaji wasikipekue. Na siku hiyohiyo ya kuchanga, andikeni ndani ya jalada kitabaki kwa nani kikundi kikivunjika, maana wanafunzi wanamaliza chuo na kuhama mji, na kugombania kitabu cha watu watano nimeshakushuhudia.