Uliza Ujibiwe: Nimefyatua nyuklia zote, mbona nimekufa mie?

Assalam alaikum. Mimi na wenzangu watatu kila Ijumaa usiku twacheza DEFCON, gemu ya komputa ya vita vya nyuklia, kwenye saiba moja hapa Majengo, kila mtu na upande wake wa dunia. Mi huchukua Afrika, manake roho hainipi kuipiga kwetu. Ijumaa ilopita silo zangu 6, yaani vituo vya makombora, nikazipanga zote pamoja pwani, ilipofika tu saa ya kuruhusiwa kufyatua nkabonyeza zote ziende Ulaya, nkaona mistari yatoka nkasema leo ndo leo. Weee! Makombora mengi yalidunguliwa njiani, alafu Ulaya akanirudishia, Asia nae akaingilia, na silo zangu hazikudungua hata moja, zimekaa tu kama sanamu. Nikamaliza wa mwisho na kahawa nkalipa mie. Je hii gemu ina bagi ama kuna siri jamaa wananificha?
Mkali wa Majengo

Waalaikum salam Mkali. Bagi hakuna kaka, na siri yenyewe wala si siri, ni kwamba kwenye hio gemu silo moja ina kazi mbili na haifanyi zote mbili kwa wakati mmoja. Ikiwa kwenye ulinzi inadungua makombora na ndege za adui zinazokuja. Ukiibadilisha iwe ya kufyatua, inaacha kulinda kabisa, na kule kubadilisha kwenyewe kunakula muda, si kubonyeza tu basi, na kurudi kwenye ulinzi ni muda tena. Sasa wewe zote sita umezitoa kwa mpigo, yaani umempandisha kipa akapige kichwa kwenye kona, alafu wataka kujua mbona umefungwa?

Na la pili ambalo ndo limekumaliza: silo ikifyatua, pale ilipo panaonekana na kila mchezaji. Kabla ya hapo adui alikua anakisia tu, wewe ukamuwashia taa. Asia hakua na ugomvi na wewe hata kidogo, ameona tu jirani kaacha mlango wazi akaingia kuokota pointi. Mi ningekua Asia ningefanya vivyohivyo, sitaki kudanganya.

Kwa hivyo fanya hivi. Gemu inaanza ngazi ya tahadhari ya 5 inashuka mpaka 1, na nyuklia haziruki mpaka ifike 1. Ikifika, tulia. Najua mkono unawasha ila tulia, waache wenzio waanze, uangalie kwenye ramani ni silo za nani zimejionyesha, manake silo inayofyatua ndo silo isiyojilinda, na hapo ndo pa kupiga. Zako weka kwenye ulinzi, tanguliza nyambizi na ndege za mabomu. Nyambizi moja ina makombora 5, hayafiki mbali, kwa hivyo lazima uisogeze karibu na pwani ya mtu mapema, na ikitaka kufyatua inaibuka juu na kuonekana, basi usiipeleke peke yake kama mtoto aliepotea. Silo ndo ina mzigo, makombora 10 kila moja, ukizidisha kwa sita una 60.

Alafu kuna hili la kufika pamoja, ambalo watu wengi hata wazoefu hawalijui vizuri. Silo moja inatoa kombora moja moja, kwa hivyo ukiituma peke yake makombora yanafika kama foleni ya matatu, na mlinzi anayaokota moja baada ya jingine bila haraka. Unachotaka ni makombora yafike kama watu wanaoshuka feri ya Likoni asubuhi, wote mara moja, asijue amshike nani. Basi silo ya mbali ianze, ya karibu ifuate, lengo moja. Na mji mmoja usiupige mara tano kwa hasira tu, kila pigo lakata kama nusu ya watu waliobaki, kwa hivyo la kwanza lina faida kubwa na la nne ni hasara tupu. Kwa hesabu ya kawaida kila milioni unayoua ni pointi 2 na kila milioni unayopoteza wakatwa 1, na kila mtu anaanza na watu milioni 100. Kwa hivyo kujifungia ndani mpaka mwisho pia hakulipi.

Usione najua sana, mie yalinikuta vibaya zaidi. Kombora la Urusi liko juu yangu, mkono mmoja una kiazi karai, mwengine mausi, kidole kikateleza kwa mafuta nkabonyeza silo ya ulinzi ikaanza kugeuka kuwa ya kufyatua. Nkakaa naangalia tu.

Kichekesho ni hiki, kwenye gemu Afrika ina silo kama wote, ila kwenye dunia ya kweli Afrika Kusini ilitengeneza mabomu 6 ikayavunja yenyewe, na mwaka 1996 nchi za Afrika zikasaini mkataba wa Pelindaba kule Cairo wa bara lisilo na nyuklia, ukaanza kazi 2009. Jina DEFCON nalo ni la kweli, ni ngazi za tahadhari za jeshi la Marekani. 1962 wakati wa mzozo wa Cuba ndege zao za mabomu ziliwekwa ngazi ya 2.

Mwanangu ana miaka 16, usiku namsikia akisema "nimeua milioni nane" na anacheka. Mie roho yanidunda. Hio gemu yamfundisha kutengeneza bomu?
Mama wa Likoni

Shikamoo mama. Hapana, hakuna kutengeneza chochote mle, ni ramani ya dunia gizani, mistari inapita, mwanga mweupe unawaka kisha inaandikwa idadi ya waliokufa. Ilitengenezwa Uingereza mwaka 2006, na ukisikiliza muziki wake utasikia kama mtu analia kwa mbali. Kaa nae raundi moja mama, umuulize hao milioni nane ni wa mji gani. Ila hilo la usiku kucha, zima tu stima.

Naweza kuicheza kwa simu?
Kijana wa Bamburi

La. Komputa, hata laptopu kuukuu, iwe Windows, Mac ama Linux, picha zake ni nyepesi. Viazi karai kula kwanza, unawe.