Kabla ya Kompyuta, Jifunze Kuandika Lebo

Vijana wanaoniuliza wafanyeje ili wawe watafiti wa mageuko ya virusi vya RNA (vile ambavyo maelekezo yake ya urithi yamo katika RNA, si DNA) huanza karibu wote na swali la programu ya kompyuta ya kujifunza. Nami huwauliza kama wanajua kuandika lebo ya kichupa cha sampuli.

Sisemi kwa mzaha. Kimeng'enya kinachonakili RNA ya virusi hivi, kwa sehemu kubwa, hakisahihishi makosa yake (virusi vya korona ni miongoni mwa vichache vyenye uwezo huo), na makosa hayo hulimbikizana haraka kiasi kwamba sampuli zilizopishana miezi michache tu huweza kutofautiana. Ndiyo maana tunaweza kukadiria ukoo fulani wa kirusi ulianza kusambaa lini, ila kwa sharti la kujua kila sampuli ilichukuliwa siku gani na wapi.

Mfano ni chikungunya, homa ya virusi inayoenezwa na mbu, iliyotambuliwa katika uwanda wa Makonde, kusini mwa Tanzania ya leo, mwaka 1952, na ambayo hata jina lake ni la Kimakonde. Baada ya mlipuko wa Lamu wa mwaka 2004 ilivuka hadi Komoro, kisha kisiwa cha Réunion. Huko, virusi vya mwanzo vya mwaka 2005 vilikuwa na alanini katika nafasi ya 226 ya E1, protini ya juu ya kirusi, ilhali vingi vya baadaye vilikuwa na valini (zote mbili ni asidi amino, vijenzi vya protini), badiliko lililomfanya mbu Aedes albopictus awe mwenezaji hodari zaidi. Tarehe za sampuli ndizo zilizowaonyesha watafiti badiliko hilo likishika nafasi mlipuko ukiendelea.

Mimi nilijifunza kwa hasara. Nikiwa mwanafunzi wa uzamili niliandika vichupa kwa maka peni ya kawaida, nikavipangusa kwa spiriti, nikavitia kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Miezi minane baadaye, karibu nusu ya namba zilikuwa zimefutika. RNA yenyewe ilikuwa salama, ikasomeka herufi kwa herufi, lakini sikuweza kusema imetoka kwa mgonjwa yupi, na sura nzima ya tasnifu ikaenda nayo.

Basi tumia lebo zinazostahimili baridi, weka nakala ya orodha mahali pengine, na uende mwenyewe zahanati. Muuguzi mmoja ndiye aliyenifumbua macho kwamba tarehe ya kwenye kadi ilikuwa ya kuandikishwa, na damu ilichukuliwa siku kadhaa baadaye. Tangu hapo huandika zote mbili, pamoja na siku homa ilipoanza.