Kutathmini ulivyokua katika kusoma picha

Mwalimu mtarajiwa, unasema chuo kinataka uandike jinsi uwezo wako wa kusoma picha ulivyokua, na kila ukianza unaishia na "nimejifunza mengi". Hiyo sentensi ifute. Msahihishaji ameshaichoka.

Chukua picha uliyoichambua mwanzoni mwa muhula, uiangalie upya kabla ya kufungua maelezo yako ya zamani. Kwa kuwa uko Lindi, mimi ningechukua zile za Tendaguru, Wajerumani walipochimba mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913. Mara ya kwanza jicho linakimbilia mfupa, kwani ukubwa wake unashangaza. Sawa. Sasa geukia mtu aliye kando yake: kawekwa pale kama mfanyakazi, au kama rula ya kupimia mfupa? Nani anatazama kamera? Maelezo ya chini yanamtaja nani kwa jina? Mizigo ya mifupa hiyo wapagazi waliibeba kwa miguu hadi bandari ya Lindi, na wengi wao majina hayajulikani. La msimamizi wa machimbo, Boheti bin Amrani, angalau limebaki.

Kisha fungua ulichoandika zamani. Pengo utakaloliona hapo ndilo la kuandikia, pamoja na yanayokupiga chenga hadi leo (wengi husahau kujiuliza nini kimeachwa nje ya fremu). Istilahi zitumie chache.

Ukishapata aya ya kwanza, nitumie nikuangalizie.