Shingadi za kuendesha baiskeli Menengai: chukua zile ambazo hutazivua njiani

Mtu aliyezoea kuendesha baiskeli kwenye vijia vya Menengai, mlima wa volkano ulio juu ya mji wa Nakuru, Kenya, utamjua kwa miundi yake. Ina makovu mafupi mafupi yaliyofuatana kwa mstari, mengine yamebadilika rangi kabisa. Makovu hayo mengi hayatokani na kuanguka, yanatokana na pedali. Mguu unateleza, pedali inazunguka kwa kishindo, na vile vichuma vinavyoshika soli ya kiatu vinachana ngozi ya mbele ya mguu, mahali ambapo mfupa uko chini ya ngozi tu, bila nyama ya kupokea pigo.

Naanza na hilo kwa sababu wengi wanaoniuliza wanunue shingadi gani, yaani kinga ya muundi, wanawaza kuanguka kwa kasi mteremkoni. Ukiwaza hivyo utavutiwa na zile kubwa zilizotengenezwa kwa waendesha pikipiki, ganda gumu kuanzia juu ya goti hadi karibu na kifundo, jozi moja ikikaribia kilo nzima. Kwa anayepandishwa mlima kwa gari kisha ateremke tu, sina ubishi nazo. Sisi tunapanda kwa miguu yetu. Mji wa Nakuru uko kwenye mwinuko wa mita 1,850 hivi, na ukingo wa kreta unafika mita 2,278. Kabla hujafika nusu, jua la saa nne limekupata, jasho linatiririka ndani ya ganda, na utasimama kando ya njia uvue ukaning'inize kwenye usukani. Na hapo ndipo pedali inakupata, kwa maana kuteleza kwingi nilikokuona ni kwa kupanda. Gurudumu la nyuma linazungukia hewani kwenye vumbi na changarawe za volkano, pedali inakwenda ghafla bila uzito, kiatu kinatoka.

Kwa hiyo kipimo changu ni kimoja: je, utakuwa bado umeivaa ukifika juu?

Watu husema uzito ndio tatizo, nami nadhani wanakosea kidogo. Mguu mmoja ukipanda mwingine unashuka, basi uzito wa jozi unasawazishana kwenye pedali. Linalochosha ni joto, na zaidi ya joto ni kinga inayoshuka hadi kifundoni kila baada ya dakika kumi ukawa kazi yako ni kuivuta juu. Ukishika shingadi dukani, geuza uone nyuma kabla ya kusifia mbele. Nyuma iwe wazi au ya wavu, si mpira mzima unaofunga mguu wote. Iwe na mikanda miwili, mmoja ukipita juu ya unene wa shavu la mguu, mwingine chini yake. Ule wa juu ndio unaozuia kuteleza. Yenye mkanda mmoja wa katikati itashuka tu, hata uukaze namna gani.

Sasa ijaribu ukiwa umekunja goti. Wauzaji hupenda uijaribu ukiwa umesimama wima, lakini hakuna anayeendesha baiskeli akiwa wima. Panda juu ya baiskeli, au inua mguu kwenye kigoda kama unayekanyaga pedali, uone kama ukingo wa juu unagonga kifuniko cha goti. Ukigusa hata kidogo dukani, utakuchubua njiani. Nyumbani pima mambo mawili: urefu kutoka chini ya kifuniko cha goti hadi mguu unapokunjikia mbele, na mzunguko wa shavu la mguu pale lilipo nene zaidi. Huo mzunguko ndio unaoamua saizi. Urefu wa mwili wako, ambao baadhi ya maduka hutumia, haukuambii lolote kuhusu shavu lako.

Kuhusu kilichomo ndani, soma kwa makini. Siku hizi kuna sponji za kisasa kama D3O, laini mkononi lakini zinakuwa ngumu papo hapo zikipigwa. Ni nzuri sana kwa goti, na nyingi zina alama ya EN 1621-1, kipimo cha Ulaya cha kinga za waendesha pikipiki, ambamo zinagongwa kwa nguvu ya jouli 50. Kipimo hicho ni cha pigo butu, kama jiwe au lami. Kichuma cha pedali kina ncha, na ncha inakusanya nguvu yote mahali padogo. Sponji nyembamba iliyofunikwa kwa kitambaa cha kawaida inaweza kutobolewa. Kwa muundi, mimi naitaka ile yenye kibamba chembamba cha plastiki mbele, hata kama sponji yake ni ya kawaida, au angalau kitambaa kigumu cha aramidi, nyuzi imara za aina ya Kevlar.

Ndiyo maana namshauri anayeanza aende duka la vifaa vya mpira wa miguu. Shingadi za mpira zilibuniwa kuzuia meno ya njumu, na meno ya njumu na vichuma vya pedali ni maadui wa ukoo mmoja. FIFA ilizifanya kuwa lazima tangu 1990, basi leo zimejaa kila mahali, kuanzia maduka ya Nakuru hadi kwenye mitumba ya Kibuye kule Kisumu, kwa mia chache za shilingi. Ni nyepesi mno. Upungufu wake ni ufupi, kwa hiyo chukua saizi ndefu kuliko ambayo mchezaji angechukua. Vaa soksi nyembamba ndani, shingadi, kisha soksi ndefu ya mpira juu yake. Soksi hiyo inaishikilia, na inakuepusha na mikwaruzo ya visiki vya vichaka vya leleshwa. Mwiba wa mgunga utapita tu.

Nimeona vijana wakijitengenezea, nami nawaunga mkono. Ubavu wa jerikeni ya mafuta ya kupikia unafaa, kwa kuwa plastiki yake inapinda bila kuvunjika. Lainisha kingo kwa msasa na ubandike sponji ndani. Bomba la maji la PVC usiliguse kabisa: likipigwa sana linapasuka vipande vyenye makali, na vipande hivyo viko juu ya mfupa wako.

Na hifadhi ya Hell's Gate, kule Naivasha, je? Barabara kutoka lango la Elsa ni pana na rafiki, beba maji ya kutosha uache shingadi nyumbani.

Tazama pedali zenyewe pia. Vichuma vingi vinafunguka kwa spana ndogo, na vilivyo virefu mno unaweza kuvibadilisha kwa vifupi. Viatu vyenye soli iliyolika vinateleza kuliko pedali yoyote mbovu, hasa wakati wa masika kuanzia Machi hadi Mei, udongo ukiganda chini.

Na ukichanika, safisha jeraha pale pale kwa maji safi mengi na sabuni hadi mchanga wote utoke. Ngozi ya muundi hupona polepole. Ikiwa imefunguka kiasi cha kuonyesha mfupa au imening'inia, nenda hospitali siku hiyo hiyo ishonwe, wala usingoje kesho. Ukifika, waulize kuhusu chanjo ya pepopunda, hasa kama hukumbuki mara ya mwisho ulichanjwa lini.