Kabla hujachomwa sindano za nywele, kapime damu kwanza

Wiki hii nimepata ujumbe kutoka kwa msichana wa Wete, nimeusoma zaidi ya mara moja maana umenigusa pale pale panaponiuma. Anaolewa Mfunguo Mosi inshaallah, nywele za mbele zimekwenda, utosini ngozi inaonekana, na kuna mtu kamwambia atamjia nyumbani na chupa zake amchome sindano za vitamini kichwani, ati mpaka siku ya harusi ziwe zishajaa. Ananiuliza, "Dada wewe ulifanya na zako zimerudi, na mie nichomwe?" Yeye nishamjibu, ila naona bora niandike na hapa kwa sababu tokea niweke ile picha ya nywele zangu mwezi uliopita watu wananiuliza kitu kimoja tu, sindano gani, wapi, bei gani.

Haya. Ndio nilichomwa, na ndio nywele zangu zimerudi na nina raha nazo wallahi, nikizifumua sasa hivi najitizama kwenye kioo mpaka mume wangu ananiita. Siwafichi furaha yangu. Lakini mnachukua nusu ya habari na mnakwenda nayo kwa mtu mwenye sindano, na hiyo nusu mliyoiacha ndio iliyonirudishia nywele.

Mie nywele nilikuwa nazo. Mama akinisuka barazani kwa mafuta ya nazi jirani wanapita wanasema mashaallah, mama anaona taabu kuzimaliza. Nilipofika miaka ya thelathini zikaanza kupukutika, kwanza kwenye chanuo, alafu kwenye mto, alafu nikikoga naziona zimeziba tundu la maji. Watu wanadhani kwa sisi tunaojifunika nywele si shida, "si unavaa mtandio, nani anakuona?" Anakuona mumeo. Unajiona mwenyewe kila asubuhi. Na wanakuona wanawake wenzio kwenye shughuli, na hapo ndipo nilipopigwa. Tulikuwa kwenye kupamba bibi harusi, chumba kimejaa, singo inanukia, asumini, watu wametoa mitandio yao wanasukana, wifi yangu akanitizama kichwani akasema kwa sauti, mbele za watu wazima na watoto, "Huyu nae keshakuwa kipara, kaka yangu kaoa mzee." Watu wakacheka. Nikatia mtandio wangu nikakaa mpaka mwisho kwa sababu bibi harusi alikuwa mtoto wa mama mdogo na sikutaka kumharibia. Nimemsamehe kwa ajili ya Mungu lakini sikusahau na sitosema nimesahau, na wewe unaesoma hapa kama una ulimi wa namna hiyo basi jua mtu anaetokwa na nywele analia chooni, hana haja ya wewe kumtangazia.

Baada ya hapo nilijaribu kila ninachoambiwa: majani ya mkunazi, habbasoda, maji ya kitunguu, mafuta ya karafuu (haya jamani msiyatie matupu, yanaunguza ngozi, yachanganywe na nazi na yawe kidogo sana). Sisemi vya bibi zetu ni vibaya, mkunazi unasafisha kichwa vizuri na mpaka leo natumia. Ila nywele ziliendelea kutoka.

Alafu ndio nikasikia habari za sindano. Nikenda sehemu moja, siitaji, dada kanipokea vizuri, kanikalisha, kafungua kifurushi, yuko tayari. Hajaniuliza nina mimba au sina. Hajaniuliza naumwa nini, natumia dawa gani, hedhi yangu ikoje, nywele zimeanza kutoka lini. Nikamuuliza kwenye chupa mna nini, kaniambia "vitamini za Korea". Vitamini zipi? "Zote." Nikashuka kwenye kiti nikaondoka, na nashukuru Mungu kanipa akili ile siku kwa sababu nilikuwa nimekata tamaa na mtu aliyekata tamaa anakubali chochote.

Nikapanda boti nikenda Dar kwa daktari wa ngozi kwelikweli, aliyesomea. Tanzania tunao, pale hospitali ya KCMC Moshi kuna kituo kinafundisha madaktari wa magonjwa ya ngozi tokea 1992, watu wanatoka nchi nyengine za Afrika wanakuja kusoma hapo, ilhali sisi wenyewe tunakimbilia kwa anaetangaza kwenye simu. Huyu daktari hakushika sindano. Alinivuta nywele kidogo kidogo kutizama ngapi zinatoka, akanitizama ngozi ya kichwa kwa kioo cha kukuzia chenye taa, akaniuliza maswali mpaka nikaona haya: hedhi ikoje, nimezaa lini, nimepata homa kali karibuni, nasukwa vipi, mama na mashangazi nywele zao zikoje. Na kama natumia vidonge vya biotini, ile vitamini ya nywele na kucha, maana biotini nyingi inaharibu majibu ya baadhi ya vipimo vya damu, vya tezi ya shingoni na hata vya moyo, FDA, wanaosimamia dawa Marekani, walitoa tahadhari hiyo 2017. Kwaiyo wewe unaemeza vile vidonge vya nywele na kucha mwambie daktari kabla hujatolewa damu.

Hedhi yangu ilikuwa nzito miaka, siku za mwanzo sitoki nyumbani. Kwetu hayo hayasemwi, na ukisema unaambiwa hata mama yako alikuwa hivyo. Nilikuwa nikichoka nikipanda ngazi na nikitamani kutafuna barafu, sikujua kama yote ni kitu kimoja. Wingi wa damu yangu ulikuwa juu kidogo ya gramu 12 kwa desilita, na 12 ndio mpaka wa WHO, Shirika la Afya Duniani, kwa mwanamke asiye na mimba, kwaiyo kila nilipopimwa huko nyuma naambiwa uko sawa mama. Daktari akapima feritini, yaani akiba ya chuma mwilini, na hiyo ndio ilikuwa chini kabisa, chini ya mikrogramu 15 kwa lita wanayohesabu WHO kuwa mtu hana akiba. Damu inaweza ikaonekana iko sawa na akiba imekwisha. Mwili ukiishiwa chuma unapeleka kidogo kilichopo kwenye mambo ya uhai, nywele zinaachwa nyuma.

Kwaiyo nilianza na vidonge vya chuma na kutibiwa ile hedhi. Nikaambiwa niache kunywa chai pamoja na chakula. Hebu fikirieni, sisi Wazanzibari chapati na chai, muhogo na chai, hata maharage na chai! Chai inazuia chuma kisiingie mwilini, basi nikaisogeza mbali na mlo, na vidonge nikawa nameza na maji ya chungwa. Maini, dagaa, nyama kidogo, kisamvu, kunde. Chuma cha nyama na samaki kinaingia mwilini vizuri kuliko cha majani lakini vyote vinasaidia.

Sindano zilikuja baada ya hapo. Jina lake mesotherapi, alianza nayo daktari wa Kifaransa Michel Pistor mwaka 1952, na wala hakuanza kwa nywele. Ni visindano vidogo vingi vinavyochomwa juujuu kwenye ngozi ya kichwa, haviingii ndani zaidi ya milimita 4 hivi. Kwenye dawa yenyewe mara nyingi mna vitamini B5, biotini, zinki, asidi amino, wengine wanatia minoksidili, dawa ya kuotesha nywele. Panauma, khasa mbele kwenye kipaji na pembeni, usiku ule kichwa kiliniuma na nililala kifudifudi. Siku hiyo hukoshi kichwa, hutii mafuta, na kusuka unangoja ngozi itulie. Ilipoingia Ramadhani nikawa nachomwa usiku baada ya tarawehe nipate utulivu wa moyo, maana ni sindano za lishe na masheikh wana maneno tofauti, wewe muulize sheikh wako.

Na daktari aliniambia ukweli ambao huyu wa chupa hatokwambia: ushahidi wa hizi sindano za vitamini ni mdogo, na FDA hawajaidhinisha mchanganyiko wowote wa vitamini wa kuchoma kichwani kwa ajili ya nywele. Chenye ushahidi mrefu ni minoksidili ya kupaka, iliidhinishwa Marekani 1988 kwa wanaume na baadae wanawake, na hiyo nayo wiki za mwanzo inaweza kuzidisha kupukutika, usiogope ukaacha. Kuna na PRP, wanakutoa damu yako wanaizungusha kwenye mashine wanachukua ile sehemu yenye chembe sahani, zile zinazogandisha damu, wanakuchoma nayo, hii ina utafiti mzuri zaidi khasa kwa upara wa kurithi. Kwangu mie naamini sindano zilisaidia, nywele za mbele zilianza kuota nyembamba alafu zikakaza. Ila najua bila chuma zisingefika popote, ni kutia mbolea kwenye mche uliokosa maji.

Sasa nisikilizeni vizuri dada zangu. Nywele zinatoka kwa sababu nyingi na kila sababu ina dawa yake. Kama zimekwenda pembeni na mbele tu, tizama msuko wako, tizama ile rasta inayovuta mpaka macho yanapanda, tizama donge unalolikaza chini ya hijabu kila siku. Hiyo ni kuvutwa, legeza mapema, ukichelewa mashina ya nywele yanakufa. Kama upara unaanzia utosini unatanuka, kichwa kinawasha au kinaunguza, nenda haraka sana, kuna ugonjwa unaowapata khasa wanawake wa Kiafrika, unaacha kovu ndani ya ngozi na kovu likishaingia hakuna sindano ya vitamini itakayootesha nywele hapo. Viduara vilivyo laini kabisa ni ugonjwa mwengine na huo unatibiwa kwa sindano kweli, lakini za steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe. Mtoto mwenye mapunye anahitaji vidonge vya fangasi, na msimpake mafuta ya taa, nawaomba. Mba nao na harufu, wengi wetu tunafunga nywele mbichi chini ya mtandio na joto hili letu, zikaushe kwanza ndio ujifunge.

Na huyu wa kukujia nyumbani na chupa, mkataeni! Sindano ni sindano. Marekani kwenye mji wa Albuquerque wanawake waliokwenda saluni kuchomwa PRP ya uso walitoka na virusi vya UKIMWI, CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, waliandika habari hiyo 2024, na hiyo ni Marekani yenye sheria zote. Kuna homa ya ini B, kuna bakteria wa ukoo wa kifua kikuu wanaokaa kwenye maji, wakiingia na sindano unapata majipu yanayotaka dawa kwa miezi. Mtu akufungulie sindano mpya mbele ya macho yako, chupa isiwe imetumiwa na mwengine, uisome ina nini. Hapa kwetu ZFDA ndio wanaosimamia dawa na vipodozi, una haki ya kuwauliza kama dawa imesajiliwa. Na kama una mimba au unatafuta, uliza khasa kama mna dutasteridi au finasteridi, dawa za upara, maana hizo zinaweza kumharibu mtoto wa kiume tumboni. Mtu asiyejua kukujibu hilo asikuguse kichwa.

Kwa maharusi, nywele zinakua kiasi cha sentimita 1 kwa mwezi, mtu akikuahidi zaidi ya hapo anakuuzia uongo. Vaa nywele za kuweka siku yako, tena zisikuvute, na matibabu uanze taratibu ukiwa kwako.

Bei siwaandikii kwa sababu zinatofautiana sana. Mkiulizia ulizeni bei ya kikao na vikao vingapi, maana anaekutajia kikao kimoja tu hajakwambia kitu. Na kama pesa ni ya jambo moja tu, iwe ya vipimo: wingi wa damu, feritini, tezi, na vitamini D kama unaweza.

Mmoja ameuliza kuhusu mzazi aliyetoka arubaini, nywele zinatoka mafungu. Hizo zinakuja kama miezi mitatu baada ya kujifungua, homoni zinashuka na nywele zilizobaki wakati wa mimba zinatoka pamoja, zinatisha lakini nyingi zinarudi zenyewe mpaka mtoto anapotimiza mwaka. Usimlipe mtu akuchome. Kula, lala mtoto akilala, kama ulipoteza damu nyingi kwenye uzazi kapime feritini mapema, na kama mwaka umepita na bado zinatoka basi nenda kwa daktari wa ngozi.