Kilimanjaro haikuwa zawadi ya siku ya kuzaliwa

Ndugu, hiyo ya kwamba mpaka wa Kenya na Tanzania umepinda kwa sababu Malkia Victoria wa Uingereza alimzawadia mjukuu wake Wilhelm, Kaisari wa Ujerumani, mlima Kilimanjaro ni stori ya kijiweni. Tamu, lakini tarehe zinaikataa. Waingereza na Wajerumani walikubaliana juu ya mstari ule mwaka 1886, na Wilhelm alikuja kuwa Kaisari 1888. Kilichoamua ni makaratasi. Wajerumani walishafika Moshi 1885 wakapata mkataba kwa Mangi (mtawala wa Wachagga) Rindi, yule anayeitwa pia Mandara. Upande wa Taveta, Mwingereza Harry Johnston alikuwa ameshawahi na mikataba yake tangu 1884. Kila mmoja akang'ang'ania chake. Chukua ramani uone: mstari unaanzia pwani karibu na Vanga, unapanda hadi Ziwa Jipe, unaiacha Taveta Kenya, unauzunguka mlima kwa kaskazini, halafu unanyooka mpaka Ziwa Victoria. Wamaasai ulipita katikati yao, na hakuna aliyewauliza.